Uumbaji Kati ya Ngano na Imani: Mizani Iwe Moja

Mwanafunzi wa fasihi simulizi nchini Kenya hufunzwa mapema kwamba hadithi hugawika katika vipera: hurafa, mighani, usuli, visasili na vinginevyo. Mgawanyo huu una manufaa yake. Hata hivyo, kisa cha Gikuyu na Mumbi humfikia kikiwa kati ya hadithi ya Sungura na Fisi na ile ya Kobe na gamba lake lenye nyufa. Huulizwa ataje sifa tano za kisasili, akazitaja, akapata alama zake, mambo yakaishia hapo.

Siku ya ibada inapowadia, mwanafunzi huyo huyo husikia habari za mwanzo wa ulimwengu msikitini au kanisani akiwa ameinamisha kichwa. Akiingia katika somo la fizikia huzisikia kwa mara ya tatu, akazinakili bila kuuliza swali. Masimulizi matatu yanahusu jambo moja, lakini la kwanza huitwa burudani, la pili imani, na la tatu ukweli. Makala haya yanashikilia kwamba upangaji huo umetokana na mazoea wala si uchunguzi wa kitaaluma, na kwamba Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa kuupinga.

Ushahidi wenyewe umo katika kitenzi kimoja: kuumba. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mengi ya kidini, yakiwemo dunia, ardhi, nuru na roho. Kitenzi huluku nacho kilipokewa na kingali katika kamusi. Lakini kilichoenea vinywani mwa watu, Waislamu kwa Wakristo, ni kitenzi cha Kibantu ambacho maana yake ya msingi ni kulipa jambo umbo, kama afanyavyo mfinyanzi kwa udongo wake. Kutokana nacho kumepatikana Muumba, kiumbe, umbo na maumbile. Kitenzi hicho hicho kinaishi katika lugha jirani. Kwa Wagikuyu, Mumbi ni mama wa kwanza, na jina lake lina maana ya mfinyanzi, yule aumbaye. Kwa Wakamba, Mumbi ni mojawapo ya majina ya Mungu mwenyewe. Basi Mswahili anapomtaja Muumba katika dua yake, hutumia taswira ile ile anayoitumia mzee wa Murang'a au wa Kitui katika simulizi lake. Itakuwaje basi mmoja aitwe mwenye imani na mwingine mtambaji wa ngano?

Taswira hiyo haikinzani na vitabu vitakatifu. Kurani na Biblia husimulia uumbaji kwa njia mbili: kwa neno, pale Mungu anapoamuru na jambo likawa, na kwa mkono, pale mwanadamu anapofanywa kwa udongo au mavumbi. Neno kuumba limeyabeba yote mawili bila ugomvi.

Isitoshe, visasili vya Kiafrika havijishughulishi na chanzo peke yake. Vinaeleza pia ulimwengu ni kitu cha namna gani. Katika simulizi alilolinakili Jomo Kenyatta mwaka wa 1938, Ngai anampandisha Gikuyu hadi kilele cha Kirinyaga, anamwonyesha nchi, kisha anamwelekeza penye mikuyu, mahali panapoitwa Mukurwe wa Nyagathanga. Nchi inaonyeshwa kwanza kama kipawa chenye mwenyewe, ndipo inapokaliwa. Wamaasai husimulia jinsi Enkai alivyowateremshia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Ulimwengu wa masimulizi haya si rundo la vitu visivyo na mwenyewe, ni amana. Hata sarufi ya Kiswahili inadokeza hivyo. Kinyume cha kuumba ni kuumbua, na anayemuumbua mwenzake humwaibisha hadharani. Lugha inaelekea kusema kwamba kumdhalilisha kiumbe ni kulibomoa umbo alilopewa.

Wapo watakaouliza: je, sayansi iwekwe wapi? Iwekwe mahali pake, kwa heshima zote. Ushahidi kwamba ulimwengu unapanuka, na kwamba umri wake ni takriban miaka bilioni 13.8, hauwezi kupinduliwa kwa kisasili, wala kisasili hakikutungwa ili kushindana nao. Inafaa kumkumbuka Georges Lemaître wa Ubelgiji. Mwaka wa 1927 alieleza kupanuka kwa ulimwengu, na mwaka wa 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutokana na kile alichokiita atomu ya mwanzo. Lemaître alikuwa kasisi wa Kanisa Katoliki. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji wa Mungu mwaka wa 1951, kasisi huyo hakufurahia, kwa maana hakutaka fizikia igeuzwe shahidi wa imani. Alizishika zote mbili bila kuzichanganya. Kama mwanafizikia aliweza, mwanafasihi ana udhuru gani?

Pingamizi zito zaidi linatoka kwingine. Visasili huweza kugeuzwa hatimiliki. Anayesema kwamba Mungu alimpa babu yake nchi hii, au kwamba ng'ombe wote waliteremshiwa ukoo wake, yuko hatua chache tu kutoka kumfurusha jirani. Katika nchi iliyoshuhudia ghasia za mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake si kuvifanya visasili kuwa vichekesho vya darasani, kwa sababu kisichosomwa kwa makini ndicho kinachotekwa kwa urahisi na mwanasiasa. Msomaji makini atagundua kwamba anayepewa amana si mwenye mali. Atagundua pia kwamba Wakamba huonyesha nyayo za watu wa kwanza katika mwamba wa Nzaui, nao Wagikuyu huonyesha mikuyu yao. Kila jamii imejiweka katikati ya ulimwengu. Mwenye kuyasoma masimulizi yote kwa pamoja hatadai kwamba kitovu cha dunia kimo shambani mwake peke yake.

Kinachohitajika ni mizani moja. Mhadhiri anayefundisha kisasili cha Wamaasai aulize maswali yale yale ambayo angeliuliza juu ya sura za kwanza za Mwanzo au juu ya dibaji za tendi za pwani zinazoanza kwa kumhimidi Mungu: ni nani anayesema, anamwambia nani, ulimwengu unachorwa vipi, na msikilizaji anadaiwa nini? Anayeamini hatapoteza imani yake kwa kuulizwa hivyo, na asiyeamini hatalazimishwa kuamini. Lakini mwanafunzi aliyeingia darasani akimjua Mumbi kama jina la kukariri kwa ajili ya mtihani, atatoka akijua kwamba kila atajapo umbo, kiumbe au maumbile, hulitaja jina hilo bila kujua.