Tusitiri Uani, Tusiuzibe



Wiki hii tunataka kusema juu ya jambo ambalo akina baba wengi hulimaliza na fundi kwa dakika tano bila kushauriana nyumbani: kuziba banda la uani.

Sisi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tunaishi kwa kubanana, na joto la ukanda huu wa ziwa mnalijua. Banda la nyuma, lile la nguzo nne na bati juu, ndiyo sebule yetu hasa. Hapo mama zetu wanachambua mchele, watoto wanadurusu juzuu, wageni wa kike wanaketi. Sasa jirani anapandisha ghorofa, na madirisha yake yanatazama humo humo. Baba anaita fundi, mabati yanapigiliwa pande zote kutoka chini hadi juu, na anajiona amesitiri familia. Mchana banda linakuwa tanuri. Haupiti mwezi wanawake wamerudi ndani, na banda limebaki stoo ya makaa na baiskeli mbovu. Hiyo si sitara. Ni kuwafukuza watu uani kwao.

Kuzuia macho hakulazimishi kuzuia upepo. Wajenzi wa Cairo ya zamani walitengeneza mashrabiya za mbao, hewa ikapita na aliye barabarani asione ndani. Sisi hatuhitaji uchongaji ule. Fremu za mbao zenye matete yaliyofumwa zinatosha, au vibao vilivyolazwa mshazari. Acheni shibiri moja wazi chini, na nafasi chini ya bati ili hewa ya moto itoke. Fremu zisiguse udongo, mchwa hawana huruma. Zikifungwa kwa bawaba au ndoano, siku ya arusi au ya futari ya wengi mnaziondoa.

Lakini kabla ya kupima chochote, mama mwenyewe aketi anapoketi kila siku aseme jicho linatoka wapi. Mara nyingi ni upande mmoja tu, na linatoka juu. Jicho la juu halizuiwi na fremu iliyosimama, linazuiwa kwa kurefusha paa upande ule au kutundika jamvi la mshazari. Pesa ya pande nyingine imebaki mfukoni. Usiku mambo hugeuka: taa ikiwaka ndani, aliye nje anaona kupitia kila tundu, kwa hiyo pazia lazima liwepo. Jiko la makaa libaki nje ya fremu, moshi wake unaua.

Wapo wanaotaka wavu wa mbu. Ni mzuri, ila mlango ukiachwa wazi hauna kazi, na haumwondolei mtu chandarua chake kitandani, maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku.

Na mwenye ghorofa je? Katika Surat An-Nur, aya ya 58, hata watoto wa nyumbani wameamrishwa kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha. Na amri ya kuinamisha macho, aya ya 30, imeanza kwa wanaume kabla ya kuwafikia wanawake katika aya ya 31. Mafakihi wa Kimaliki walihesabu dirisha linalochungulia uani kwa jirani kuwa ni madhara. Wengi wetu huku ni Mashafii, na najua wazee wetu watasema kila mtu ana uhuru katika milki yake. Kwa heshima zote, hatukubaliani nao. Aliyekuja na dirisha baada ya uani kuwepo aweke kioo kisichoonyesha, au achangie fremu za jirani. Kioo kimoja ni rahisi kuliko kumfungia bibi wa watu ndani kwa joto hili. Na aende yeye kubisha hodi, asingoje kuitwa kwa imamu.

Wabillahi tawfiq.