Gundi Imara Haisahihishi Tahajia

Washairi wenzangu, nawasikia wenye mashua wa Mbamba Bay na Liuli wanaokuja hapa Songea kukatiwa herufi za plastiki. Huuliza ipi haipauki kwa jua, ipi haibanduki kwa mawimbi ya Ziwa Nyasa. Ni maswali halali. Plastiki ya bei rahisi husinyaa, kingo zikainuka. Iliyo bora hudumu miaka, mradi ibandikwe juu ya rangi laini, safi na kavu. Juu ya mbao tupu zisizopigwa msasa haishiki. Lakini swali lililostahili kutangulia haliulizwi: je, neno lenyewe limeandikwa sawasawa?

Fundi wa brashi akikosea, alifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kabla rangi haijakauka. Mashine hukata kama ilivyochapiwa. Haina sikio wala kamusi. "Liziki" ikishakatwa katika plastiki bora, itabaki "Liziki" hadi mashua izeeke. Uimara tunaousifu ndio unaolipa kosa maisha marefu.

Wapo watakaonijibu kwamba mvuvi anatafuta samaki, si alama za mtihani, na kwamba r na l ni suala la lafudhi tu. Lafudhi naiheshimu, kila mdomo una haki ya kutamka ulivyolelewa. Maandishi, hata hivyo, ni ya wote. Anayetaka "Kula kwa Jasho" akaandikiwa "Kura kwa Jasho" ametangaza uchaguzi, si mlo. Na mtoto wa ufukweni husoma ubavu wa mashua kila siku, hata siku asizofungua daftari. Nilifundisha miaka mingi. Najua ugumu wa kung'oa tahajia iliyoingia kwa macho.

Lawama yangu kubwa ni kwetu sisi. Tunagombana juu ya kina cha kati, tunahesabu mizani nane kwa nane, na kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Kamusi Kuu ya BAKITA tunayo tangu 2015. Ila jina la chombo, utungo mfupi kuliko yote, tumemwachia kijana wa stika peke yake, kisha tunamcheka.

Jina liandikwe kwanza kwenye karatasi, likaguliwe herufi kwa herufi, ndipo likatwe. Ukaguzi huo ni kazi yetu, wala tusiudai ujira. Mshairi asiyeweza kumsaidia jirani yake maneno mawili asitusomee beti kumi za kukitetea Kiswahili.