Baruti ya Kiganja

Nimechoka kufundishwa maadili na watu wenye mizani. Katika maandiko ya uwindaji ninayoyasoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, mwindaji bora ni yule anayejaza risasi zake mwenyewe. Huchukua ganda lililokwisha kupigwa, hulisafisha, hulitia fataki mpya, kisha hupima baruti kwa greni, na greni 1 haifiki gramu 0.07. Kichwa cha risasi hukikaza kwa kina kilekile kila mara. Hupiga tatu kwenye karatasi, hutazama matundu yamekaribiana kiasi gani, hurudi mezani kuanza upya. Yote hayo, wanasema, ni huruma: mnyama afe kwa pigo moja.

Kazi yenyewe naiheshimu, inahitaji akili. Bunduki ya .375 Holland & Holland ilitoka mwaka 1912, na ganda lake lilifanywa lipungue unene kuelekea mbele ili lisikwame ndani ya chemba joto linapopandisha presha ya baruti. Aliyepima risasi zake kwenye baridi ya Ulaya akaja kuzipiga Rufiji mwezi Oktoba lazima alijue hilo. Ninachokataa ni usahihi kugeuzwa kuwa tabia njema, eti mwenye matundu yaliyobanana ni mwanamichezo, na mzee mwenye gobore ni jangili katili.

Gobore hilo alilichagua yeye? Mwaka 1890 madola yalitia saini Mkataba wa Brussels, yakazuia kuingiza Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, bunduki za kisasa zenye michirizi ndani ya mtutu. Michirizi ndiyo inayoizungusha risasi ikaenda moja kwa moja. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi na baruti ya kawaida. Msafiri mwenye hati ya serikali yake aliweza kuja na silaha yake ya kujilinda. Mwenyeji aliachiwa bunduki isiyolenga, halafu vizazi vilivyofuata vikamcheka kwa kukosa shabaha.

Sasa mtazameni Frederick Selous, ambaye jina lake lilibandikwa kwenye pori letu la Rufiji. Alifika kusini mwa Afrika mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 19, akawinda tembo kwa bunduki nene za kushindilia. Baruti aliichota kwa kiganja kutoka mfuko wa ngozi uliokuwa ubavuni. Hakuwa na mzani wala karatasi ya matundu. Alikufa vitani Beho Beho mwaka 1917, na anaitwa mwindaji mkuu. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Ikwiriri, alipima kwa kiganja vilevile. Tofauti ni kwamba alisogea hadi hatua ishirini, kwa kuwa risasi ya pili ingemchukua dakika nzima kuishindilia, na nyati hasubiri. Kujua upepo, kujua begani pa kulenga, kujua lini uache: huo nao ni usahihi, ila haupimiki kwa greni.

Mtaniambia gobore hujeruhi. Kweli, hujeruhi, na nyati aliyejeruhiwa haendi kambini kwa watalii, anaingia shamba la mpunga la mtu. Wala siombi bunduki zigawiwe kama vyandarua. Naishi Mbagala, Temeke. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka huku na watu zaidi ya 20 wakafa. Kwetu baruti si kitu cha kuchezea.

Ninachotaka ni hesabu iwekwe wazi. Kundi la matundu matatu yaliyobanana ni leseni, fedha, muda, na zaidi ya karne moja ya sheria iliyompendelea mtu mmoja. Kwenye Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, vijiji hutoa ardhi, na mgeni hulipia kitalu, akapiga picha na pembe. Anayejisifu kwa huruma yake, kabla hajatuonyesha karatasi yake, aulize kwanza askari wa wanyamapori wa kijiji hicho amepewa risasi ngapi za mazoezi mwaka huu.