Msingi wa antena: siku 28 zinatoka wapi, na nani analipa maji?

Tangu vita vya mwanzo wa 2025, radio nyingi za jamii za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini zilinyamaza, zingine ziliporwa vifaa. Leo kuna zenye kutafuta namna ya kurudi hewani, na kazi ya kwanza inakuwaka ile ile: kusimamisha antena. Pembeni yao kuna watu wa radio amateri, wale wenye kuongea na inchi za mbali bila biashara, kwa alama zinazoanza na 9Q ambazo Kongo ilipewa na shirika la kimataifa la mawasiliano, UIT. Hao si wengi huku kwetu. Lakini kuna pia foni za parokia, za zone ya afya, za viwanja vidogo vya ndege. Wote wako na shida moja: piloni wanaijenga wenyewe, na fundi wa kartie, bila kampuni kubwa nyuma yao.

Na wote wanauliza swali moja wakisha kumwaga betoni: tupandishe lini?

Masoni wengi wanajibu kisha siku mbili, tatu: "Imekauka, mupandishe." Hapo njo matatizo inaanzia, tena inaanzia kwenye neno. Kiswahili chetu kinasema betoni "inakauka", kama nguo kwenye kamba. Haiko vile. Betoni haipati nguvu kwa kupoteza maji, inapata nguvu kwa kuyatumia. Sima ikikutana na maji inaanza kujishika, chembe kwa chembe, na kazi hiyo inaendelea siku, majuma, hata miezi. Ukiinyang'anya maji mapema, kazi inasimama. Kwa juu utaona jiwe jeupe, gumu, ukigonga kwa nyundo linalia vizuri. Ndani nguvu haikufika. Kwa hiyo msingi uliokauka haraka njo msingi muzaifu, na neno letu linatufundisha kinyume.

Sasa zile siku 28. Hazina uchawi. Siku ya 28 ni siku ambayo mainjenieri wa dunia walipatana kupima nguvu ya betoni, ili kila mutu apime sawa na mwingine. Hata ile hesabu ya 32.5 ao 42.5 unayosoma kwenye mufuko wa sima ni nguvu ambayo sima ile inapaswa kufikia kwa siku 28, isipungue. Kwa betoni ya kawaida iliyotunzwa vizuri, siku ya kwanza unakuwa na sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo. Siku ya tatu haujafika nusu. Siku ya saba uko karibu na sehemu mbili juu ya tatu. Kutoka hapo mwendo unapunguka, ndiyo maana majuma matatu ya mwisho yanaonekana kama kupoteza wakati. Lakini ile sehemu ya tatu inayobakia, injenieri aliyechora piloni aliihesabia.

Wengine watasema hiyo ni mambo ya vitabu. Tuangalie kilichotokea Marekani, kwa watu wenye vyombo vyote. Tarehe 27 Aprili 1978, Willow Island katika jimbo la West Virginia, kampuni ilikuwa inajenga munara mukubwa wa kupoozea maji wa kituo cha umeme. Kila siku walikuwa wanamwaga pete moja ya betoni, na kesho yake jukwaa la wafanyakazi linashikizwa juu ya ile pete ya jana. Asubuhi ile pete ya jana ilikuwa bado changa, na usiku ulikuwa wa baridi. Walipoanza kuvuta betoni mupya juu, pete ikapasuka, jukwaa lote likazunguka munara likianguka. Watu 51 walikufa, kutoka urefu wa karibu mita 50. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba betoni ya siku moja haikuwa na nguvu ya kubeba kilichowekwa juu yake. Siku chache zingelitosha.

Munara ule si piloni ya radio, najua. Lakini hesabu ni ile ile: kuweka muzigo juu ya betoni ambayo haijafika.

Kwenye piloni kuna kitu kinachodanganya hata watu wenye akili. Watu wanawaza kwamba msingi kazi yake ni uzito. Shimo la mita moja kila upande linameza mita kube moja ya betoni, na hiyo inapima karibu kilo 2400. Uzito huo unaupata siku ya kwanza, mara tu umemaliza kumwaga. Ndiyo maana fundi anaona "haiwezi kutingishika" na anakuwa na haki kwa upande huo. Kinachokosekana siku ya tatu si uzito. Ni mushiko: namna betoni inavyokamata bulo na vyuma vilivyozamishwa ndani yake. Piloni ya kamba, kama zile nyingi za radio za jamii, inakuwa na msingi mumoja wa katikati na mingine mitatu ya kushikilia kamba. Ule wa katikati unasukumwa chini, na betoni changa inavumilia kusukumwa kidogo. Ile mitatu inavutwa. Kamba mafundi wanaikaza kwa kawaida mpaka karibu asilimia 10 ya nguvu ambayo ingeikata, na upepo ukikuja unaongeza mara nyingi juu ya hiyo. Chuma kikisogea ndani ya betoni changa hata kiasi cha unene wa kucha, ule mushiko hautarudi tena, hata ungoje mwaka. Na kutoka inje hauoni kitu.

Anayelipa wa kwanza ni kijana aliye juu na mukaba kiunoni. Anayefuata ni nyumba za mbao za jirani. Katika Goma, Bukavu ao Butembo, piloni ya mita 30 ikilala, inalala juu ya mutu, kwa sababu fasi tupu hakuna.

Tuseme pia ukweli juu ya hali ya kwetu, maana siku 28 za kitabu ni za labo, kwa baridi ya wastani ya digri 20. Butembo, Lubero na milima ya Masisi usiku kuna baridi, na betoni ya baridi inatembea polepole. Kule siku saba za kalenda si siku saba za betoni, uongeze. Uvira ao Kindu jua ni kali: betoni inashika haraka lakini maji yanatoroka haraka zaidi, na msingi unapasuka ngozi siku ileile. Tena sima nyingi inayouzwa huku imechanganywa na majivu ya volkano. Ni sima nzuri, inadumu, ila inachelewa kupata nguvu siku za kwanza. Yenye kuandikwa 42.5 inaenda mbio kidogo kuliko 32.5, na kwa msingi wa piloni mimi ningelipa ile tofauti ya bei bila kubishana.

Goma iko na lake jambo: gravye nyeusi ya volkano. Ile nyepesi yenye matundu inanyonya maji kama sponji. Ukiichanganya kavu, inakunywa maji ambayo yalikuwa ya sima. Inaomba kuiloweka usiku mbele ya kazi. Na kama unaweza kupata jiwe zito lililopondwa, chagua hilo, ile nyepesi uiachie ukuta.

Kisha kuna kosa ambalo naona ni kubwa kupita hata haraka: maji mengi siku ya kuchanganya na maji hakuna siku zinazofuata. Kipimo cha masoni wetu ni kilo 350 za sima kwa mita kube moja, maana yake mifuko saba. Kwa kila mufuko, karibu litre 25 za maji zinatosha, ni bido moja na robo, na muhesabu hata maji yaliyomo tayari ndani ya muchanga. Betoni hiyo ni nzito kwa koleo, vijana wanachoka, mutu anaongeza bido ingine "ili ilainike". Bido ile inaondoa nguvu ambayo hata siku 60 hazitarudisha. Halafu kesho yake, wakati msingi unaomba maji kweli, kila mutu amekwenda nyumbani.

Na hapa tufike kwenye pesa, sababu njo pesa inaamua. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Visima ni shida, maji ya watu wengi yanatoka ziwani kwa bido, na bido inauzwa. Piga hesabu: misingi minne, bido mbili asubuhi na mbili magaribi kwa kila mumoja, siku saba. Ni bido 112. Mama anayetafuta bido mbili za kupika atakushangaa ukimwaga 16 kwa siku juu ya jiwe, na yuko na haki ya kushangaa. Kwa hiyo masoni anamwagilia siku moja, anaacha.

Lakini haiombi kumwaga hivyo. Betoni inaomba tu isipoteze ile maji yake. Zungushia juu ya msingi kijukuta kidogo cha muchanga, maji yakae kama kwenye sahani. Ao funika na mifuko ya zamani iliyoloweshwa, juu yake bashi, kando mawe ili upepo usiifungue. Bashi ikifungwa vizuri, bido moja kwa siku kwa kila msingi inatosha, ni 28 kwa juma lote. Vijijini majani ya migomba yanafanya kazi ya bashi. Wakati wa masika mvua inasaidia bure, isipokuwa saa za kwanza, ambapo inaosha sima na kuacha muchanga juu. Hizo saa bashi ni lazima.

Haraka yenyewe haitokei kwa ujinga. Teknisia anatoka mbali, analipwa kwa siku, analala hoteli. Mufadhili anataka picha ya antena iliyosimama mbele ya mwisho wa mwezi. Kiongozi wa radio anajua kwamba kila juma bila kusikika wasikilizaji wanazoea kusikia kwingine. Mutu kama huyo ukimuambia angoja juma nne, unamuambia alipe juma nne.

Ila hakuna sababu teknisia awe hapo wakati betoni inangoja. Msingi unaweza kumwagwa siku ile mumetuma pesa ya piloni. Wakati vyuma vinangoja duane ya Kasindi ao ya Bunagana, na tunajua wote vinavyoweza kungoja, betoni inakomaa peke yake bila kulipwa. Kinachoombwa mbele ni karatasi moja tu: mupango wa fundi wa piloni, wenye vipimo vya bulo na umbali wa misingi, na kipande cha mbao kilichotobolewa sawasawa ili kushikilia bulo zisiteleze wakati wa kumwaga. Na kwenye kontra na mufadhili, malipo ya msingi yaandikwe mbali na malipo ya kupandisha, kila moja na tarehe yake.

Wale wasioweza kungoja mwezi muzima, mafundi wengi wenye uzoefu wanafanya hivi: masaa 24 ya kwanza hakuna anayegusa hata bulo moja, siku saba za maji, kisha kipande cha kwanza ao viwili vya chini, bila kukaza kamba kwa nguvu na bila mutu kupanda. Kamba kukazwa kabisa, antena juu, teknisia juu, hiyo ni siku ya 28. Lubero, hata kisha hapo. Mwenye kusema siku ngapi ni injenieri aliyehesabu piloni, si sisi waandishi, na si fundi anayegonga kwa nyundo na kusikiliza. Mukitaka kupima kweli, siku ya kumwaga mujaze betoni ileile ndani ya vikasha vitatu, muvitunze pembeni ya msingi kwa maji yaleyale, na kimoja kipelekwe labo siku ya saba.

Tarehe ya kumwaga iandikwe kwa musumari juu ya betoni ingali laini. Kisha juma mbili hakuna anayekumbuka kama ilikuwa siku ya posho ao siku ya tatu, na kila mutu anahesabu upande wa faida yake. Kwa wanaotaka kusimamisha piloni mbele ya mvua za Septemba, hesabu inaanza Julai. Kabare inahesabiwa kati ya fasi zinazopigwa na radi kupita zote duniani, na upepo unaoleta radi hizo unazikuta kamba zote, zilizokomaa na zisizokomaa.