Sukari Iliyo Ndani ya Jina

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ipigwe marufuku katika mikutano yote ya afya vijijini: "Mwenye kisukari asile sukari." Najua kwa nini inapendwa. Ni fupi, kila mtu anaishika, na anayeisema huona amemaliza kazi yake. Mimi nasema inawaumiza watu wa kwetu Gikundamvura, na kwa kuwa kosa lake ni la lugha kabla ya kuwa la tiba, sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kusema halituhusu.

Tuanze na jina. Watabibu wa kale wa India waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya mkojo wa asali, maana waliona sisimizi wakiufuata mkojo wa mgonjwa. Wazungu nao wakaongeza neno la Kilatini lenye maana ya utamu wa asali. Kiswahili kikasema kisukari, Kinyarwanda kikasema igisukari. Majina yote haya yanataja sukari inayotoka mwilini. Hakuna hata moja linalosema kwamba ugonjwa uliingia kwa kijiko cha chai. Lakini msikilizaji hulisikia jina kinyumenyume: anadhani ametajiwa chanzo, kumbe ametajiwa dalili.

Matokeo yake tunayaona wakati wa kula. Mtu ameacha sukari ya chai na anajisifu kwa hilo, kisha anapakuliwa wali wa Bugarama hadi ukingo wa sahani, na viazi vitamu juu yake. Kesho ni ugali wa muhogo, keshokutwa ndizi za kupika. Vyote hivyo ni wanga, na tumboni wanga huvunjwa kuwa sukari. Mwili hauulizi kama ilitoka kiwandani au kwenye jaruba. Sisemi mtu aache wali. Nani ataacha wali akiwa jirani wa bonde la mpunga? Nasema wanga uchukue robo ya sahani, maharage au dagaa robo nyingine, na nusu nzima iwe mboga: dodo, kabichi, biringanya. Mboga hizo ziko nyuma ya nyumba. Karatasi za ushauri nilizowahi kusoma zinapendekeza matofaa na mkate wa ngano isiyokobolewa. Aliyeziandika alikuwa akimfikiria mtu mwingine kabisa.

Ni kweli kwamba soda na chai yenye vijiko vinne hupandisha sukari haraka, na mgonjwa hana budi kuziacha kama kinywaji cha kila siku. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba hapo ndipo kazi inapoishia.

Na kuna hatari kubwa zaidi ambayo sentensi ile huificha. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, akishinda shambani tangu alfajiri bila kula, sukari yake inaweza kushuka mno. Atatetemeka, jasho litamtoka, moyo utamwenda mbio, maneno yake yatachanganyika. Saa hiyo dawa yake ni sukari yenyewe: vijiko vitatu au vinne vidogo katika maji, au soda ya kawaida, mara moja, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, akimbizwe hospitali. Sasa mwambie mtu huyo, uliyemfundisha miaka mitano kwamba sukari ni sumu kwake, aipokee. Atakataa, na majirani watamsaidia kukataa. Wengine watasema amelewa. Mtu anaweza kufa hapo, sukari ikiwa mkononi mwa jirani.

Sentensi hiyo ina dada yake: "Huo ni ugonjwa wa matajiri." Mtoto mwembamba ambaye mwili wake hautengenezi insulini ana utajiri gani? Mwezi wa Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano ya ugonjwa huu, inayohusishwa na utapiamlo. Ilielezwa Jamaika tangu mwaka 1955, ikaondolewa na Shirika la Afya Duniani katika uainishaji wake mwaka 1999, na sasa imerudi. Kwa hiyo njaa nayo imo. Anayeendelea kucheka matumbo ya wenye mali anamfanya maskini aone haya kwenda kupimwa.

Halafu insulini. Kopo ambalo halijafunguliwa linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, bila kuganda. Kandokando ya mto Rusizi ndipo mahali pa chini kabisa nchini, takriban mita 950 juu ya usawa wa bahari, na joto la Bugarama kila mtu analijua. Nyumba isiyo na friji ifanyeje? Kuna njia ya vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini. Haifikii baridi ya friji, lakini inapunguza joto, hasa wakati wa kiangazi. Wafinyanzi tunao. Mbona jambo hili halisemwi mkutanini?

Wanaoitetea sentensi fupi huniambia mkulima hawezi kukumbuka maneno marefu. Mkulima huyo anajua mche wa mpunga hukaa kitaluni siku ngapi, maji yafike wapi jarubani, mbolea itiwe lini na palizi lini. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, na katika soko la Bugarama Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani walikuwa wakipatana bei kwa Kiswahili kabla ya sheria hiyo. Wakiweza kupatana bei ya gunia, wataweza kuelewa robo ya sahani.