Kesi ya shamba ikirudi mwanzo baada ya rufaa

Umeshinda kesi ya shamba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenzako akakata rufaa Mahakama Kuu, kisha shauri likafika Mahakama ya Rufani. Huko majaji wanafuta mwenendo wote na kuagiza kesi isikilizwe upya. Hujashinda, hujashindwa, na swali la shamba ni la nani halijajibiwa.

Yamewakuta wengi nchini Tanzania, na mara nyingi kasoro huwa kwenye maoni ya wazee wa baraza. Sheria inataka mwenyekiti akae na wazee wasiopungua wawili, nao watoe maoni yao kwa maandishi kabla ya hukumu. Mwaka 2018, katika shauri lililoihusu Halmashauri ya Jiji la Mbeya, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kuwa maoni hayo yatolewe wadaawa wakiwepo, wayasikie. Haitoshi mwenyekiti kuandika ndani ya hukumu kwamba aliyazingatia.

Msimamo huo ni wa haki, maana usiyoyasikia utajuaje kama yalitolewa? Ila anayeumia ni mkulima. Kosa ni la baraza, nauli na fedha za wakili zinatoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo msikilizaji, ushahidi ukishafungwa, muulize mwenyekiti maoni ya wazee yatasomwa lini, na uombe swali lako liandikwe kwenye mwenendo. Hukumu ikikuangusha, una siku 45 tu za kukata rufaa Mahakama Kuu.