Kamanda, Umesoma Nusu ya Machiavelli



Kuna vitabu viwili ambavyo kijana wa siasa akivitaja tu, watu wanatikisa kichwa: huyu anasoma. Cha kwanza ni The Prince cha Machiavelli, cha pili ni The 48 Laws of Power cha Robert Greene. Vinazunguka kwenye simu zetu kutoka grupu hadi grupu, na kuvisoma siyo dhambi. Shida ni kwamba mbinu zake tunazifanyia mazoezi sisi kwa sisi. Ukikaribia uchaguzi wa ndani, mtu anatupia WhatsApp kwamba mwenzake ni pandikizi, ametumwa, kala hela. Ukimwuliza ushahidi uko wapi, anakujibu: siasa ni ujanja, kamsome Machiavelli.

Haya, tumsome basi. Ila tumsome wote.

Machiavelli alikuwa mtumishi wa Jamhuri ya Florence kwa miaka 14. Mwaka 1512 ukoo wa Medici ulirudi madarakani, akatimuliwa kazi. Mwaka uliofuata akakamatwa kwa tuhuma za kula njama, akateswa. Alipotoka ndipo akaandika The Prince, kitabu cha kumfundisha mtawala jinsi ya kushika dola, akakielekeza kwa Medici hao hao. Barua yake ya Desemba 1513 kwa rafiki yake Vettori haifichi kitu: alitamani wampe kazi, hata ndogo. Kwa lugha ya hapa kwetu, jamaa alikuwa anaunga mkono juhudi.

Lakini mtu huyo huyo aliandika kitabu kingine kirefu zaidi, Discourses on Livy, kilichochapwa 1531, miaka minne baada ya kifo chake. Humo haulizi mtawala atabakije kwenye kiti. Anauliza nchi isiyo na mfalme inalindaje uhuru wake. Na jibu lake linarudi tena na tena kwenye sheria na vyombo vya umma.

Chukua sura ya saba na ya nane za kitabu cha kwanza. Machiavelli anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya kila siku: mashtaka na uzushi. Mashtaka yanatolewa hadharani, mbele ya chombo chenye mamlaka, kwa ushahidi, na mtuhumiwa anajibu. Uzushi unanong'onwa vibarazani, hauna shahidi, na hauna pa kujibiwa. La kwanza linaijenga jamhuri, la pili linaibomoa.

Mfano wake ni Manlius Capitolinus wa Roma. Huyu bwana alizusha kwa wananchi kwamba wakubwa wameficha hazina ya umma. Aliitwa mbele ya watu akaambiwa: taja nani anayo. Hakuwa na jina la kutaja, akatupwa gerezani. Sasa jiulize, kwenye grupu lako la tawi, ni wangapi wangepona swali hilo moja tu?

Nasoma sheria, kwa hiyo nitasogea hatua moja mbele. Machiavelli anasema pia kwamba wananchi wakikosa njia ya kisheria ya kutoa hasira zao, watatafuta njia nyingine, na hapo nchi inaumia. Anamtaja Coriolanus, aliyetaka watu wa kawaida wa Roma wabanwe kwa njaa. Watu walikuwa tayari kumwua mlangoni mwa Seneti. Kilichomwokoa ni matribuni, watetezi wa wananchi, kumwita ajibu mashtaka kwa utaratibu.

Rudi nyumbani. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Jirani zetu Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais na uchaguzi ukarudiwa. Hapa kwetu mlango huo umefungwa kwa kufuli la Katiba. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo hapo Arusha, ilitamka kuwa ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika.

Hoja hiyo tunaijua na tunaipigania. Ila tunaidaije kwa sauti kavu ikiwa ndani ya chama mwenzetu anahukumiwa kwenye grupu, bila shtaka wala nafasi ya kujitetea? Anayetuhumiwa usaliti apelekwe kikaoni, tuhuma ziandikwe, asikilizwe. Anayezusha naye aitwe, aambiwe: taja nani, lete ushahidi. Chama kinachoshindwa kutenda haki kwa mwanachama wake kitashindwa pia kuitenda kikishika nchi.

Ombi langu ni dogo. Sura hizo mbili ni kurasa chache, na tafsiri zake za zamani za Kiingereza zinapatikana bure mtandaoni. Kila tawi lenye kijana anayekimudu Kiingereza, huyo azisome na awasimulie wenzake kwa Kiswahili kabla ya kikao kijacho. Asiyejua Kiingereza naye ana kura, na ndiye anayeumizwa na uzushi kuliko wote, maana hana wafuasi elfu kumi wa kumsafisha.

Halafu grupu likianza kuwaka usiku, mwulizeni mzushi swali la Manlius.

Mapambano yaendelee.